Punda Mdogo Kwenye Karai

Mama mkwe wangu alinusa kila sahani niliyomwekea mbele. Hakufanya kwa siri. Aliiinua hadi puani, akafumba macho, kisha akauliza kwa Kilamu chake: "Nyama hini ni ya wapi?" Nikishamjibu alinitazama kwanza, kama karani wa posta anayelinganisha uso na picha ya kitambulisho. Hapo ndipo alipokula. Au hakula.

Tumemzika. Wajukuu wake waliosoma wamekwisha kusema mengi juu ya ibada yake na ukarimu wake, na hawakusema uongo. Mimi niliishia darasa la saba, na sehemu kubwa ya miaka niliyokaa naye nilikaa naye jikoni. Kwa hiyo nitaandika la jikoni, moja tu, kama lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mimi ni mtu wa magharibi, upande wa Kakamega, na nililelewa katika kanisa. Nilikuja Nairobi kutafuta kazi, nikakutana na mume wangu, kijana wa Lamu aliyekuwa karani katika duka la vitambaa mtaa wa Biashara. Nilisilimu kabla ya ndoa. Mwalimu wa kike alinifundisha kutawadha, kuswali, na kutenganisha halali na haramu, nami nilijifunza kwa bidii kwa sababu sipendi kusema kitu kwa mdomo tu. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya maduka, karibu na River Road, katika ua tulioshirikiana na familia nyingine za pwani. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alifunga nyumba yake Lamu akaja kukaa nasi.

Hakunichukia. Sitaki mtu afikiri hivyo. Alinishuku. Kwake yeye nilikuwa nimeingia dini kwa mlango wa ndoa, na alitaka kujua kama nimeingia mzima au nimeacha mguu mmoja nje. Niliwahi kumkuta ameinamia ndoo ya takataka, anageuzageuza mifupa ya mchuzi wa jana. Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Naangalia tu," akaendelea kuangalia.

Kila mwaka tulisoma hitima ya kumwombea baba mkwe pale uani. Wanaume walikaa kwenye mikeka wakasoma, kisha pilau ikaletwa kwenye masinia. Pilau hiyo ilipikwa na mwanamke mmoja wa Lamu aliyekaa mtaa wa Pangani, ambaye mama mkwe alimwita kila mwaka. Kazi yangu ilikuwa kumenya vitunguu na kuosha masinia. Mke wa mtoto wa marehemu anaosha, na wa kuitwa kutoka nje anapika: wanawake wa ua ule walielewa maana yake bila kuambiwa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nikabidhiwe sufuria ile. Nilikuwa nimemwomba mama mkwe, naye akanijibu, "Mwaka huu huenda. Tutaona." Kwa mtu kama yeye, huenda lilikuwa neno kubwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya nyumbani Spring Valley, kwa watu waliotoka Meksiko. Bwana alikuwa mtaalamu wa mbegu za ngano na alishinda mashambani. Bibi alinikataza kumwita memsaab, akataka nimwite Sinyora. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Siku moja alinifundisha kitu alichokiita burito. Alikanda unga wa ngano kwa maji ya moto, chumvi na mafuta, akasukuma chapati nyembamba zisizo na tabaka, ndogo kama sahani ya kikombe, akazipasha kwenye kikaango kikavu zibaki laini. Ndani aliweka nyama ya kusaga aliyoikaanga na kitunguu, saumu, nyanya, bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya unga. Alikunja pande mbili ziingie ndani, akaviringisha kama mtu anayefunga kifurushi, akatumbukiza kwenye mafuta. Alinieleza kwamba kwao zile kubwa huliwa bila kukaangwa, lakini hizi ndogo za kukaanga ndizo yeye hupenda kuwapa wageni.

Nilimwuliza mafuta yale meupe aliyokandia unga ni ya nini. Hakujua neno lake. Akabonyeza pua yake juu kwa kidole, akakoroma.

Nikaweka mwiko chini. Nilimweleza dini yangu, naye hakuudhika; tangu siku hiyo nikikanda mimi alinipa mafuta ya mboga. Hata hivyo sikuwahi kuonja kitu jikoni kwake. Jioni ile nilimsimulia mume wangu yote, pamoja na mkoromo. Alicheka, kisha akasema, "Vizuri hukuonja. Ila Mama usimwambie."

Jumamosi nilijaribu burito nyumbani. Nyama nilinunua katika bucha ya Muislamu tuliyokuwa tukinunua siku zote, na mafuta yalikuwa ya mboga, ya kopo. Za kwanza zilinipasukia. Nyama ikibaki na mchuzi, chapati hulainika, hufunguka ndani ya karai, na mafuta huruka mpaka ukutani. Nikajifunza kuikausha nyama hadi inaanza kushika sufuria, kisha kuiacha ipoe kabisa kabla ya kuikunja. Ukingo niliubandika kwa uji mzito wa unga, kama watu wanavyobandika sambusa, nikaanza kukaanga upande wa mshono ili ujifunge wenyewe. Zikatoka rangi ya dhahabu, zimekakamaa nje na laini ndani.

Mama mkwe aliinua moja akaigeuza.

"Ni nini hini? Sambusa imesahau kukunjwa?"

"Ni burito, Mama. Chakula cha kwao Sinyora."

"Nyama hini ni ya wapi?"

"Bucha yetu, Mama. Ng'ombe."

Akainusa. Akauma ncha. Akatafuna kwa muda mrefu, akauma tena. "Pilipili yake ina adabu," alisema, akanyoosha mkono achukue nyingine.

Jumamosi zilizofuata alikuwa ananiuliza mwenyewe, "Yeo hupiki burito?" Aliwapelekea majirani sahani iliyofunikwa kitambaa, na nilimsikia akilitamka jina lile kwa madaha, kama mtu aliyesafiri. Nilianza kuiona sufuria ya hitima ikija upande wangu.

Kisha ikageuka ghafla. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa chumbani kwake, buibui bado mwilini. Chakula cha usiku alikataa. Alimtuma mume wangu mkate dukani, akala kwa chai ya rangi. Kesho yake vile vile. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nilimwuliza kama nimemkosea, akasema, "Sijui. Umenikosea?"

Asubuhi ya pili yake nilimkuta kwenye mfereji wa uani anaosha sahani aliyokuwa akilia burito. Alikuwa amechota udongo kwenye mkebe aliopandia mrehani, anasugua nao, anasuuza, anasuuza tena. Nilisimama nikamtazama. Nilikuwa nimefundishwa maana ya ule udongo. Chombo huoshwa kwa udongo kikiguswa na mbwa au nguruwe.

"Mama, sahani ina nini?"

"Ina uchafu."

"Uchafu gani?"

"Weye ndiye mpishi."

Nilikwenda kazini nikiwa nawaza jambo moja njia nzima. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua habari za yale mafuta meupe ya Sinyora. Jioni nilimvuta mume wangu pembeni.

"Umemwambia nini Mama?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya mafuta ya Spring Valley."

"Sijamwambia."

"Basi amejuaje?"

"Amejua nini? Kuna la kujua?" Nikaona uso wake unabadilika, unakuwa uso wa mama yake. "Ule unga wetu hapa nyumbani, ulikandia mafuta gani?"

"Kopo liko chini ya meza. Lisome."

Alikwenda akalisoma. Aliinama kabisa, akaligeuza penye mwanga, akasoma maandishi yote mpaka ya chini. Alirudi akasema kwamba alikuwa anataka tu kuhakikisha. Usiku ule tulilala kila mtu ameelekea ukuta wake.

Nikaanza kushuku kila kitu. Jirani alinirudishia sahani ya burito niliyompelekea mtoto wake, kitambaa kikiwa kimefungwa kama nilivyokifunga. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji walinyamaza nilipofika, wakaongea habari za bei ya mkaa. Nikamkuta yule mpishi wa Pangani chumbani kwa mama mkwe, amekaa kitandani anakunywa kahawa. Aliponiona alisema, "Karibu," ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hitima ilikuwa imekaribia. Nilijua sufuria inaondoka, na sikujua hata nimeshtakiwa kosa gani.

Nilijua kwa fundi wa nguo. Alikuwa Mgoa mzee aliyeshona kwenye baraza ya duka mtaa wa pili, na nilimpelekea shati la mume wangu la kugeuza kola. Alivua miwani akanichekea.

"Wewe ndio unapika burito?"

"Nani amekwambia?"

"Mama yako mzee. Alikuja kupima gauni, akanisifia sana. Burito hivi, burito vile. Mimi nikacheka mpaka nikaacha mashine."

"Ulicheka nini?"

"Mimi nilisoma Kireno kwa mapadri. Burro ni punda. Burito ni punda kidogo, toto ya punda. Nikamwambia, mama, kumbe kila Jumamosi unakula punda? Mchezo tu. Yeye akachukua kitambaa yake akaenda. Hata mkono sikumaliza kupima."

Nilisimama pale barazani nikaona kwanza nafuu, kwamba halikuwa la nguruwe, na mume wangu hakuwa amesema. Halafu nikafikiri vizuri: punda. Lamu hakuna motokaa. Punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye anayebeba mawe ya kujengea nyumba na mzee anayekwenda msikitini. Mama mkwe alikua na punda uani kwao, wakimpa maganda mlangoni. Na nyama ya punda wa kufugwa ni haramu. Hilo pia nilikuwa nimefundishwa. Udongo hauhitajiki kwa punda, lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Ungemwambia ni mchezo," nilimwambia fundi.

"Nilimwambia. Alikuwa amefika kona."

Kesho yake nilimwuliza Sinyora. Nilitumaini atasema fundi amekosea. Alicheka, akaweka viganja kichwani vikawa masikio marefu. Ndiyo, punda mdogo. Kwa nini? Akainua mabega: labda kwa sababu ni kama mzigo uliofungwa mgongoni, hakuna anayejua. Nikamwuliza kama kwao huweka nyama ya punda. Akaacha kucheka. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mezani kwake, akasema kwa Kiswahili, neno moja kati ya machache aliyokuwa nayo, "Ng'ombe. Ng'ombe." Nilimwamini, ila mchana ule nilijikuta nimefungua friji yake naangalia nyama bila kujua naangalia nini. Shaka inaambukiza kama mafua.

Jioni niliwakalisha mama mkwe na mume wangu, nikasema yote. Nilisema kwamba jina ni la punda kweli, na Sinyora amekubali. Nilisema nyama si ya punda. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikasema pia habari ya mafuta ya nguruwe kule Spring Valley, kwamba niliyaona, sikuyaonja, na hayakuingia nyumbani kwetu. Mume wangu alifumba macho.

"Kumbe kuna na nguruwe," alisema mama mkwe.

"Yuko huko, Mama. Hapa hajafika."

"Punda yuko hapa, nguruwe yuko huko."

"Mama, punda pia hayuko."

"Basi apa."

"Niape nini?"

"Uape kwamba nyama niliyokula haikuwa punda."

Nilifikiri. Walikuwa wananitazama wote wawili, na kutoka uani nilisikia mtu amezima redio ili asikie vizuri.

"Naapa nilikwenda bucha ya Muislamu," nilisema. "Naapa niliomba nyama ya ng'ombe. Lakini nilipewa imekwisha kusagwa, Mama. Mnyama sikumwona. Siwezi kuapia kitu ambacho sikukiona."

Mume wangu alishika kichwa. "Sema wallahi, yaishe. Nani anauza punda katika mji huu?"

"Kama una hakika, apa wewe."

Alifungua mdomo. Mama yake akageuza shingo akamtazama. Akafunga mdomo.

"Ng'ombe wa bucha huchinjwa wapi?" aliuliza mama mkwe.

Mume wangu alisema huletwa kutoka machinjio ya Dagoretti, ng'ambo ya Waithaka.

"Jumamosi nipeleke," akaniambia mimi, si yeye.

Tulipanda basi hadi Waithaka, tukashuka tukafuata njia ya udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama mkwe alipandisha buibui kidogo kwa mkono mmoja, akatembea pole pole akikwepa madimbwi, na watu wa pale, waliokuwa wakienda sokoni na mizigo ya sukuma wiki, walimpisha kwa heshima na mshangao. Tangu afike Nairobi hakuwa amekwenda mbali kupita soko la mjini. Mimi nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi: ataona ng'ombe, ataridhika, tutarudi.

Tukafika langoni, na langoni palikuwa na punda.

Walikuwa wengi, wamefungwa kwenye mikokoteni, masikio yamelegea kwa baridi. Mama mkwe alisimama. Hakunitazama. Alikwenda kwa punda wa karibu, akampapasa shingo, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe wenyewe ndio hawa."

Mtu mzima mwenye kofia na buti za mpira alitoka ndani akipangusa mikono. Alikuwa mchinjaji. Mama mkwe alimsalimu, naye akamjibu salamu kamili ya Kiislamu. Hakupoteza muda.

"Baba, mnachinja punda hapa?"

Mchinjaji alicheka. "Hao wa maji, mama. Mfereji wetu hauna nguvu, wanatuletea mapipa. Tukiwala hao, damu tutaoshea nini?"

"Uape."

"Wallahi, billahi, tallahi," alisema haraka haraka, huku akimpungia mtu mwingine asogeze mkokoteni. "Tazama mwenyewe."

Alitusogeza kwenye upenyo wa ukuta. Nje ya banda vichwa vya ng'ombe vilikuwa vimepangwa chini, pembe kwa pembe. Mama mkwe alivitazama kimoja kimoja.

"Na vichwa vya punda mnaweka wapi?"

"Mama," mchinjaji alisema, "wewe ungefaa polisi."

Tulirudi hadi barabarani tukakaa kwenye ubao nje ya duka, tukingoja basi. Alikuwa akifuta udongo kwenye viatu kwa kijiti. Baada ya muda alisema, "Yule ameapa upesi mno. Kama mtu anayepiga chafya."

"Labda ana kazi nyingi, Mama."

"Weye nilikuomba uape ukakataa. Mwongo angeapa."

"Sijui mwongo angefanyaje. Mimi sikumwona mnyama, basi."

Aliendelea na kijiti chake. Sijui kwa nini nilimwambia lililofuata. Nadhani nilichoka kukaa na mtu anayenitazama bila mimi kumpa kitu cha kutazama.

"Mama, siku ile ya kwanza nilipokuja kwenu Lamu, kabla ya ndoa, mliniletea sambusa. Dada yako akaniambia, kula mwanangu, hizi ni za kima."

"Ee. Za kima."

"Kwetu nyama iliyosagwa hatuiiti kima. Kima ninayemjua mimi ni yule anayeruka mitini na kuiba mahindi."

Kijiti kikasimama. "Ukafanyaje?"

"Nilikula."

"Ukidhani ni kima? Mnyama?"

"Nilisikia watu wa pwani mna vyakula vyenu. Nikaona wote mnanitazama. Nikala, nikaongeza."

Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya buibui, akajifunika uso, na nikadhani analia mpaka niliposikia sauti. Alicheka hadi mwenye duka akachungulia.

"Na mpaka lini umetuona watu wa kula kima?"

"Mpaka uliponituma bucha kununua kima. Nilichukua kikapu kikubwa."

Alinishika mkono ili asianguke kwenye ubao. "Kikapu," alisema, "kikapu cha kima," akafuta machozi kwa ncha ya buibui. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika bila sababu ya kazi.

Halafu kicheko kikakatika. Akanigeukia, na macho yakawa yale yale ya siku zote.

"Kwa hivyo weye waweza kula kima kwa kuona haya."

"Nilikuwa sijasilimu, Mama."

"Na punda je? Ungekula, watu wakikutazama?"

Nilifikiri, kwa sababu aliuliza kweli. "Sasa, hapana. Wakati ule, sijui."

"Sijui," alirudia pole pole, kama mtu anayeonja mchuzi. Basi likaja, tukapanda, naye akatazama dirishani mpaka mjini. Nilikuwa na hakika kwamba nimejiharibia mwenyewe. Angeweza kusamehe jina la chakula. Lakini sasa alijua kwamba aibu iliwahi kunilisha nyama nisiyoijua, na nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu.

Siku zilizofuata alikula mkate. Kisha, juma la hitima, alimwita mume wangu mbele yangu.

"Yule wa Pangani nimemwambia asije."

"Nani atapika?"

"Mkeo. Lakini nyama ya bucha siitaki. Lete mbuzi mzima. Achinjwe hapa hapa uani, nimwone kwa mato yangu."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio na sikujua niuweke wapi.

Alimwona. Alimwona mbuzi akishushwa mkokotenini, akachunguza meno yake, akasimama karibu wakati maalim wa msikitini anachinja. Kisha akaleta kigoda akakaa kando ya jiko, akaniangalia nikikata nyama, nikikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi kama inavyotakiwa, nikitia bizari, nikipima maji. Kila kopo nililofungua alitaka alinuse kwanza. Alipokwenda kuswali adhuhuri alimwita jirani, akamkalisha kwenye kigoda chake, akamwambia, "Usiondoke mpaka nirudi." Yule jirani aliona haya kuliko mimi.

Masinia ya wanaume yalikwenda, na tukasikia kutoka mikekani sauti na vicheko vya watu wanaokula vizuri. La wanawake niliweka mwenyewe katikati. Walikaa wakalizunguka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alirekebisha mtandio. Mwingine, ambaye ulimi wake ulikuwa haulali, alisema, "Mke wa kaka, yeo kuna punda mkubwa au mdogo?" Wakacheka kwa pua, wakimtazama mama mkwe waone atafanyaje.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kunawia.

Mama mkwe alinawa. Alichukua wali na kipande cha nyama, akaubana kwa vidole, na safari hii hakuunusa. Alitia mdomoni akatafuna, na ua mzima ukangoja taya zake. Akameza.

"Chumvi imepunguka," alisema. "Mbuzi nimemsikia akilia. Kuleni."

Wakala. Sinia lilirudi jikoni tupu, nikaliosha, na sikuona uzito wake.

Yule wa Pangani hakuitwa tena. Mama mkwe naye hakuacha kigoda chake; kila mwaka alikaa hapo hapo, akanusa makopo, akasema chumvi imepunguka, hata mwaka niliotia nyingi hadi mume wangu akakunja uso. Burito hakula tena maisha yake yote. Niliendelea kumpikia mume wangu na baadaye watoto, naye alipoona nimetoa kibao cha kusukumia alihama jikoni akakaa uani. Nilimwambia tunaweza kukipa chakula kile jina lingine. Alisema hapana, amekwisha kulijua la kwanza.

Majuzi tumesoma hitima yake mwenyewe. Nimepika mimi, peke yangu jikoni, tangu mbuzi mpaka kupakua, na nimeonja chumvi mara nyingi kuliko inavyopaswa. Watu walisema imekolea vizuri. Sikuwaamini.